Juu ya Wasafiri Wanaokwenda Kutazama Mianga ya Kaskazini

Siku moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja alimwonyesha mwalimu wake wa dini picha iliyokuwa katika simu. Ilikuwa picha ya usiku: chini theluji, kando miti michache myeusi, na juu mbingu yote ya rangi ya kijani, kama pazia kubwa linalopeperushwa na upepo. Mbele yake alisimama mtu aliyevaa nguo nene, akicheka. Kijana akauliza: «Mwalimu, mtu huyu amelipa fedha nyingi, amesafiri mbali, amesimama katika baridi kali, kusudi atazame mwanga ambao hauliwi wala haushikiki. Je, ana akili? Tena, si dhambi kutupa mali namna hiyo?» Mwalimu akamjibu: «Mwanangu, umeuliza maswali mawili, na nyuma yake limejificha la tatu, lililo kubwa kuliko hayo. Unipe muda nifikiri.»

Maandiko haya yametokana na kufikiri huko. Tutayatazama maswali ya kijana moja moja, kisha tutalitafuta lile lililojificha. Msidhani kwamba jambo hili ni la watu wa mbali tu. Mwishoni mtaona kwamba linatugusa sisi wenyewe, hata siku ile tutakayosimama mbele ya kisima cha Ubatizo.

MIANGA HIYO NI KITU GANI

Kwanza tukijue kitu chenyewe, maana hukumu inayotangulia ujuzi ni hukumu potovu.

Upande wa kaskazini kabisa wa dunia, katika nchi kama Norwei, Uswidi, Ufini, Islandi na Kanada, usiku huonekana mianga mbinguni. Pengine ni utepe mmoja tu, hafifu, unaotoka upande huu wa mbingu hata upande wa pili. Pengine ni kama mapazia yanayokunjwa na kukunjuliwa. Pengine, kwa dakika chache, mbingu yote huonekana kucheza ngoma. Rangi ya kawaida ni kijani. Mara nyingine huonekana nyekundu upande wa juu, na urujuani pembeni. Wataalamu waliipa mianga hiyo jina la Kilatini, aurora borealis, maana yake ni pambazuko la kaskazini. Upande wa kusini kabisa wa dunia iko pia, lakini huko wakazi ni wachache.

Asili yake ni jua. Jua letu halitoi nuru na joto tu; hutoa pia upepo wa chembe ndogo mno, zenye nguvu ya umeme. Nuru ya jua hutufikia kwa muda wa dakika 8 hivi, lakini upepo huo husafiri siku mbili, tatu au nne kuvuka kilometa milioni 150. Ukifika karibu na dunia, hukutana na sumaku ya dunia, ile ile inayogeuza sindano ya dira. Sumaku hiyo hutukinga, na chembe nyingine huziongoza kuelekea pande za ncha za dunia. Huko zinaigonga hewa ya juu sana, na hewa iliyogongwa hutoa mwanga. Oksijeni hutoa kijani kwenye kimo cha kilometa 100 hadi 150, na nyekundu kwenye kimo cha kupita 200. Ndege kubwa za abiria, zile tunazoziona kama nukta mbinguni, huruka kilometa 10 au 12 tu.

Wanadamu hawakuyajua mambo haya kwa siku moja. Mwaka 1741, katika mji wa Uppsala, Anders Celsius na mwenzake Olof Hiorter walitambua kwamba mianga inapotokea, sindano ya dira hutikisika. Baadaye Mnorwei mmoja, Kristian Birkeland, aliyeishi miaka 1867 hadi 1917, alitengeneza tufe dogo lenye sumaku ndani yake, akaliweka katika sanduku la kioo lililoondolewa hewa, akalielekezea miale ya umeme. Akaona mwanga ukijikusanya kuzunguka ncha za tufe lile. Wengi walimpinga. Miaka mingi baada ya kifo chake, vyombo vilivyorushwa juu ya anga vikashuhudia kwamba katika jambo lile kubwa alikuwa amesema kweli.

Katika nchi hizo za kaskazini wanaishi Wasami, wenyeji wa tangu zamani. Wazee wao walikuwa wakiwafundisha watoto wasipige mluzi wala kupunga mikono mianga inapotokea, bali wakae kwa heshima. Sisi Wakristu twajua kwamba mianga si roho wala si mizimu. Ni kiumbe, kama mvua na kama moto. Kwa hiyo hatuiogopi. Lakini tusiwacheke wazee wale. Anayenyamaza mbele ya kazi kubwa ya Mungu, hata kama hajui jina la Mfanyi wake, yuko karibu na mlango kuliko yule ajuaye jina na kupiga kelele.

Sisi tulio karibu na ikweta hatuioni mianga hiyo, kwa sababu tuko mbali na ncha za sumaku. Si kwamba Mungu ametunyima. Nchi ya Kabare, karibu na Bukavu, imehesabiwa na wataalamu kuwa miongoni mwa mahali pa dunia panapopigwa na radi mara nyingi kuliko kwingine. Na watu wa Goma wamezoea kuona usiku mawingu yakiwa mekundu juu ya mlima Nyiragongo kwa moto ulio ndani yake. Kabla ya mlima huo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, wageni kutoka mbali walikuwa wakilipa fedha na kupanda kwa miguu ili walale juu na kulitazama ziwa lile la moto, hali wenyeji wengi wa chini hawakuinua hata macho. Ndivyo ilivyo kwa wanadamu wote: cha karibu hukidharau, cha mbali hukifuata.

SAFARI YENYEWE

Sasa tumfuate yule mtu wa pichani. Wasafiri wengi huenda katika mji wa Tromsø, nchini Norwei, zaidi ya kilometa 300 kaskazini ya Mstari wa Akitiki. Huko, tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari, jua halichomozi kabisa. Wakati wa kutazama mianga ni tangu Septemba hata mwanzo wa Aprili, kwa kuwa usiku wa majira hayo ni wa giza.

Jioni wasafiri hupanda basi dogo pamoja na kiongozi. Kazi ya kiongozi ni kuzijua njia na mawingu. Mawingu yakiufunika mji, huwapeleka kilometa mia au zaidi, pengine hata mpakani mwa Ufini, akitafuta mbingu iliyo wazi. Wakifika, huwavika nguo nene, huwasha moto, huwapa kinywaji cha moto. Huwaambia wazime taa zao, maana jicho lililozoea taa halioni kitu gizani. Kisha huwafundisha kuweka kamera juu ya miguu mitatu, isitikisike, na kuiacha wazi kwa sekunde kadhaa, pengine 5, pengine 15, ili iukusanye mwanga.

Halafu wanangoja. Pengine saa moja, pengine usiku mzima. Pengine mianga haiji. Kiongozi mwaminifu huwaambia tangu mwanzo: «Naahidi kuwatafutia mahali pema, mwanga wenyewe siuahidi, maana si wangu.» Kiongozi asiye mwaminifu huahidi, hupokea fedha, kisha hulaumu mawingu.

Lishikeni jambo hili, wapenzi, maana tutalirudia. Fedha ya msafiri imelipa basi, mafuta, nguo, moto, na jasho la kiongozi. Mwanga wenyewe haukulipiwa. Hauna mwenyewe hapa duniani awezaye kuuuza. Tarehe 10 na 11 Mei 2024, jua lilipotoa dhoruba kubwa, mianga ilionekana hata Italia na Hispania, mahali ambapo watu hawakuizoea. Mamilioni waliweza kuitazama kutoka uani kwao, bila kulipa kitu. Na wako wengine waliolipa safari mara tatu wasiione hata mara moja.

JE, NI VIBAYA KWENDA KUTAZAMA?

Tulijibu swali la kwanza: je, msafiri huyo ana akili, au anafuata upuzi?

Wahenga wetu walisema, macho hayana pazia. Walitaka kutuonya kwamba jicho huona yote, hata yasiyolifaa. Naye Mtume Yohane, katika barua yake ya kwanza, ameitaja tamaa ya macho miongoni mwa mambo yanayomtenga mtu na Baba. Mtakatifu Agustino, Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa Tagaste mwaka 354 akafa askofu wa Hippo mwaka 430, alieleza katika kitabu cha Maungamo jinsi watu wanavyosafiri ili kustaajabia vilele vya milima, mawimbi ya bahari na mwendo wa nyota, huku wakijisahau wao wenyewe. Karne nyingi baadaye, mwaka 1336, mshairi Mwitalia Petrarca alipanda mlima Ventoux huko Ufaransa kwa hamu ya kuona tu. Alipofika juu alikifungua kitabu kile, macho yake yakaangukia maneno hayo hayo. Yeye mwenyewe ameandika kwamba aliona haya, akashuka akiwa kimya.

Basi, je, Agustino amekataza kusafiri? La. Msomeni vizuri. Hakusema kwamba milima ni mibaya wala nyota ni bure. Hakuna aliyezistaajabia nyota kuliko yeye. Alichokilaumu ni kusahau. Mtu anayekwenda mbali akiikimbia nafsi yake, ataikuta nafsi hiyo imemtangulia, imekaa katika kiti cha mbele cha basi dogo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye amepambanua vizuri. Kuna hamu ya kujua iliyo fadhila, na kuna hamu ya kujua iliyo kilema. Ya kwanza hutafuta ukweli kwa ajili ya ukweli, na humfikisha mtu hata kwa Mungu, aliye asili ya ukweli. Ya pili hutafuta mambo mapya ili kuiburudisha nafsi iliyochoka, au ili kujivuna mbele ya wengine. Kwa macho ya mwili hamwezi kuwapambanua wenye hamu hizi mbili. Wote wawili wamesimama katika theluji ile ile, wameinua uso kuelekea mbingu ile ile. Tofauti imo moyoni, nayo huonekana baadaye, kwa matunda.

Kitabu cha Hekima chatufundisha kwamba watu wa kale walipoona uzuri wa moto, upepo na nyota, wakavidhania kuwa miungu, walikosa kwa sababu waliishia njiani: walipaswa kupanda kutoka uzuri wa kazi hata kwa Mtenda kazi. Leo wachache huiabudu nyota. Lakini kosa la kuishia njiani lipo bado. Mtu husema «Ajabu!», kisha huenda kulala.

Kwa hiyo twajibu: kwenda kutazama si vibaya. Mungu ametupa macho, akaijaza dunia mambo ya kutazamwa, naye hakufanya kitu kwa kejeli. Lakini macho ni mlango, si nyumba. Asiyevuka mlango amebaki nje, hata kama mlango wenyewe ni mzuri sana.

JE, NI KUTAPANYA MALI?

Swali la pili ni gumu zaidi. Fedha ya safari moja kama hiyo ingeweza kulipa karo ya watoto wengi wa kijiji. Je, tuseme nini?

Wengi wetu twajibu upesi: «Angewapa maskini.» Lakini tukumbuke ni nani aliyesema hivyo katika Evanjili. Huko Betania, Maria alipompaka Yezu miguu manukato ya thamani, Yuda ndiye aliyelalamika kwamba yangaliuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Naye Yezu hakuupokea udhuru huo, bali alimtetea mwanamke. Basi si kila neno linalotaja maskini limetoka katika moyo unaowapenda. Pengine ni wivu tu uliovaa nguo za huruma.

Hata hivyo msafiri asikimbilie kujificha nyuma ya Maria wa Betania. Maria hakujipaka mwenyewe. Alimpa Kristu kitu chake cha thamani kuliko vyote, wala hakubakiwa na kitu mkononi. Msafiri hajatoa, amejinunulia furaha. Furaha si dhambi, lakini pia si sadaka, wala haifai tuziite kwa jina moja.

Basi tupime kwa mizani gani? Mizani ni haki na wajibu. Je, msafiri huyu ameacha deni nyuma yake? Mtumishi wake amelipwa mshahara? Mzazi wake mzee amepata dawa? Maskini aliye mlangoni pake amepata fungu lake? Kama hayo hayakutimizwa, mianga aliyoitazama itamshuhudia vibaya, maana ameitazama kwa mali ya wengine. Kama yametimizwa, basi aende kwa amani, kwa maana mwanadamu si tumbo tu. Sisi wenyewe, katika umaskini wetu, twanunua ngoma mpya ya kanisa, twashona nguo nzuri ya Noeli, twatembea siku mbili kwenda hija. Mtu akituambia kwamba twatupa mali, twamwona hana akili. Roho nayo ina njaa yake.

Tena msafiri ana wajibu kwa wenyeji. Barabara za kaskazini ni nyembamba na za barafu. Anayesimamisha gari katikati ya njia usiku ili atazame juu, anahatarisha uhai wa wengine. Anayeingia katika uwanja wa mtu bila ruhusa kwa kuwa mbingu ni nzuri hapo, amesahau kwamba mbingu ni ya wote, lakini uwanja una mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema Waswahili. Mgeni amletaye mwenyeji hasara hakuijua maana ya ugeni.

JUU YA PICHA

Sasa tumefika kwenye swali lile lililojificha. Kijana hakuuliza juu ya picha, lakini picha ndiyo aliyokuwa nayo mkononi. Je, mtu akiisha kupiga picha, ameona? Na je, tuliloliona tunaweza kulishika?

Tuanze na ukweli. Amri ya nane yatukataza kusema uongo. Jicho la mwanadamu usiku hutambua rangi kidogo sana. Kwa hiyo mara nyingi msafiri huona kwa macho yake kitu kama wingu la kijivu, au weupe wenye kijani kidogo, hali kamera, kwa sababu imefunguliwa sekunde nyingi, huonyesha kijani kikali. Je, kamera imedanganya? La. Rangi ile ipo kweli. Kamera imekuwa na subira kuliko jicho. Lakini mtu akionyesha picha na kusema «Hivi ndivyo nilivyoona», hapo uongo umezaliwa, si katika kamera bali katika kinywa. Ndugu zake watakapokwenda wakitazamia kijani cha picha, wakakuta kijivu, watanung'unika mbele ya ajabu ya Mungu kana kwamba wamepunjwa sokoni. Mmeona jinsi uongo mdogo unavyoweza kumnyang'anya mtu shukrani?

Si kwamba picha ni mbaya. Mwaka 1892 Mjerumani Martin Brendel alifaulu kupiga picha ya mianga huko kaskazini ya Norwei. Baadaye Carl Størmer alipanga picha zipigwe kutoka mahali pawili kwa wakati mmoja, na kwa kuzilinganisha aliweza kupima kimo cha mianga. Hapo picha imetumikia ujuzi. Mama aliyebaki nyumbani akiletewa picha na mwanawe, akamsifu Mungu, picha imetumikia upendo. Kitu kinachotumika si kizuri wala si kibaya kabla ya moyo kukishika.

Lakini tazameni jinsi moyo unavyoshika. Mianga inapotokea, pengine hukaa dakika chache tu. Msafiri mmoja huinamisha kichwa, anatafuta kitufe, anarekebisha miguu ya kamera, anakasirika kwa kuwa mwenzake amepita mbele. Dakika zimekwisha. Ana picha, hakuona. Mwingine alipiga picha moja au mbili, akaiacha kamera, akasimama. Huyo ana picha chache, nazo pengine si nzuri, lakini akizeeka atakuwa na neno la kuwaambia wajukuu.

Kwa nini yule wa kwanza anafanya hivyo? Ni kwa sababu anaogopa. Anaogopa kwamba lile jema litapita, naye atabaki mikono mitupu. Hofu hiyo ni ya zamani. Mtume Petro aliposimama mlimani, akauona uso wa Bwana uking'aa kama jua, mara moja alitaka kujenga vibanda vitatu. Alitaka kuiwekea nuru ile nyumba, isiondoke. Evanjili yatuambia kwamba hakujua anenalo. Nuru haikukaa kibandani; waliinua macho wakamwona Yezu peke yake, kisha wakashuka pamoja naye bondeni, ambako baba mmoja alikuwa akilia kwa ajili ya mwanawe mgonjwa. Vivyo hivyo Waisraeli jangwani: waliopokea mana ya siku ile walishiba, na waliojiwekea ya kesho walikuta imeoza na kuota funza.

Hilo ndilo jibu la swali la tatu. Kuna mema ya kushikwa, kama jembe na chungu. Na kuna mema ya kupokewa tu. Mema ya kupokewa, ukiyafumbata, hutoka mikononi. Ukifungua mkono, hubaki, si mkononi bali moyoni. Mwanga ni mojawapo ya mema hayo. Urafiki ni mmojawapo. Na neema ya Mungu ndiyo mkuu wa hayo yote.

NENO KWETU SISI

Wapenzi wakatekumeni, huenda hakuna hata mmoja kati yenu atakayefika Tromsø. Lakini ninyi nyote mko safarini usiku, nanyi mna kiongozi.

Mkatekista wenu ni kama yule kiongozi mwaminifu. Anazijua njia, anawatafutia mahali palipo wazi, anawaambia mzime taa zenu ndogo, yaani kiburi, hirizi, ulevi na chuki, kwa maana jicho lililozoea taa hizo halioni gizani. Anawasha moto, akae nanyi katika kungoja. Lakini imani yenyewe hawezi kuwapa, wala hawezi kuiuza, si yake. Akitokea mtu akasema, «Nipe fedha, nami nitakuhakikishia muujiza», mmjue kwamba yeye ni kiongozi anayeuza kitu asicho nacho.

Na kungoja kwenu kusiwachoshe. Wengine hunung'unika: «Miaka ya mafundisho ni mingi mno!» Kumbukeni kamera. Ikifunguliwa kwa kitambo kidogo, huona giza tu. Ikikaa wazi bila kutikisika, hupokea rangi zilizokuwapo tangu mwanzo. Lakini tusidanganyike kwa mfano huu. Kamera hupokea kwa ufundi. Roho hupokea kwa kuwa Mungu anapenda kutoa. Subira yetu haimlazimishi Mungu. Inatufungua sisi tu.

Neno la mwisho ni juu ya siku ya Ubatizo. Nimeona, hata vijijini kwetu, jinsi siku hiyo inavyojaa wapiga picha. Mbatizwa huwaza nguo nyeupe itaonekanaje, na nani atasimama karibu naye. Maji yanamiminwa, maneno yanatamkwa, naye macho yake yanaitafuta kamera. Mlango wa mbingu umefunguliwa, na mwenyewe amegeuza shingo! Sisemi msipige picha. Mama zenu watafurahi kuwa nayo ukutani. Lakini ipigwe baada ya ibada, mlangoni mwa kanisa. Maji yanapogusa kichwa chako, uwepo. Saa hiyo hairudi.

Katika mji ule wa Tromsø kuna kanisa dogo la mbao la Bikira Maria, lililojengwa mwaka 1861, ambalo ni kanisa la askofu. Papa Yohane Paulo wa Pili alilitembelea mji huo mwezi wa Juni 1989, majira ambayo huko jua halitui usiku wala mchana, na mianga haionekani. Jua halikuifukuza mianga; nuru iliyo kubwa zaidi imeifunika tu. Tangu mwaka 1990 wako huko pia watawa wa Karmeli, ambao husali usiku na mchana. Wageni wanaolipa na watawa wanaosali wamefunikwa na mbingu moja. Mgeni asiyeyaona mawingu yakifunguka hurudi kwao na huzuni. Mtawa asiyeiona mianga usiku huo hajapoteza kitu, kwa maana yule anayemngoja hufika hata kwenye mawingu.

Nasi tuombe neema hiyo: kutazama kazi za Mungu kwa macho safi, kuzipokea kwa mikono iliyo wazi, na kumtafuta Mfanyi wa mianga kuliko mianga. Usiku huu, kabla ya sala ya jioni, toka nje ya nyumba, uitazame mbingu ya kwako. Haihitaji kiongozi wala fedha. Kaa kimya kidogo, kisha umshukuru Mungu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Ni kitu gani cha ajabu karibu na kijiji chetu ambacho wageni hukistaajabia, nasi tumeacha kukitazama?
2. Ninaponung'unikia mali ya mwingine kwa jina la maskini, nawezaje kujua kama ni huruma au ni wivu?
3. Ni mema gani katika maisha yangu ninayoyafumbata kwa hofu, badala ya kuyapokea kwa shukrani?